MAWE YA WATU WA KALE NA NYONGEZA ZA WATU WA BAADAYE

Katika nchi nyingi za dunia watu wa kale walisimamisha mawe. Hawakujua kuandika, jiwe lililosimamishwa ndilo lililokuwa barua yao. Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za Yoshua. Baada ya taifa kuvuka mto Yordani, aliamuru yatwaliwe mawe kumi na mawili toka katikati ya mto, akayasimamisha Gilgali, ili siku za mbele watoto wakiuliza maana ya mawe yale, baba zao wawajibu. Uangalieni sana mpango huo, ndugu wasomaji. Jiwe laamsha swali; mwenye jibu ni baba. Jiwe peke yake halisemi neno.

Basi, baba akifa, na mwanawe akifa, hata vizazi mia vikapita na lugha yao ikasahauliwa, mambo yatakuwaje? Jiwe litabaki limesimama na swali lake bila jibu. Hapo ndipo wengi hujitia kujibu mahali pa baba aliyekufa. Wengine hujibu kwa maneno. Wengine hujibu kwa jembe na saruji: huongeza jiwe lisilokuwapo, au hulisimamisha lililoanguka mahali pasipo pake, kisha huwaambia wageni kwamba hivyo ndivyo walivyojenga watu wa kale. Kazi za watu hao ndizo tunazotaka kuzipima leo.

NGUZO ZA TURKANA

Tuanze na Afrika yetu. Kaskazini ya Kenya, upande wa magharibi wa ziwa Turkana, karibu na Kalokol, kuna nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa na watu. Waturkana wapaita mahali pale Namoratunga, yaani watu wa mawe. Husimulia kwamba nguzo zile zilikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa kuwa mawe. Lakini Waturkana wenyewe walifika katika nchi ile miaka mingi sana baada ya nguzo kusimamishwa. Walizikuta. Hadithi yao, basi, ni jibu la mgeni aliyeukuta mji bila wenyewe.

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Lynch na Robbins, walitoa jibu jingine. Walizipima nguzo 19, wakasema kwamba zimepangwa kufuata nyota ambazo Waborana huzitumia katika kuhesabu siku na miezi yao, na ya kuwa zilisimamishwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristu. Habari hiyo ilienea upesi duniani, na wengi waliipenda. Nani asiyependa kusikia kwamba wazee wa Afrika walizijua njia za nyota? Lakini mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Robert Soper, alikipima kiwanja kile upya, akaonyesha kwamba vipimo vya kwanza vina mashaka. Wengine waliendelea kuitetea habari ya nyota. Baadaye wachimbaji walichunguza viwanja vya nguzo vya pande zile, wakaona ya kuwa vilijengwa zamani zaidi, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Nyota nazo, kwa jinsi tunavyoziona toka duniani, hubadili mahali pake polepole kwa kupita maelfu ya miaka. Kwa hiyo aliyekosea umri wa nguzo kwa miaka elfu mbili hivi hawezi kuwa na hakika kwamba nyota alizozilenga ndizo walizozitazama wajenzi.

Na kweli iliyopatikana ardhini ni nzuri kuliko hadithi. Mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, penye nguzo za namna ile ile, wachimbaji walitoa habari mwaka 2018. Chini ya kiwanja cha mawe chenye upana wa meta 30 hivi waliona makaburi ya wafugaji wa kwanza wa nchi ile. Walikadiria kwamba wamezikwa humo watu 580 au zaidi, wazee kwa watoto wachanga, wanaume kwa wanawake. Karibu wote walizikwa na mapambo yao, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na za mawe ya rangi. Hapakuonekana kaburi la mkubwa lililotengwa na makaburi ya wadogo. Watu wale waliishi wakati mvua zilipopungua na ziwa lilipokuwa likirudi nyuma. Katika taabu ile walijenga mahali pamoja pa kuwalaza wafu wao wote. Je, si fundisho kubwa?

Sasa tupime. Hadithi ya wachezaji ngoma na hesabu ya nyota ni nyongeza za maneno. Nyongeza ya maneno si njema ikiwa si ya kweli, lakini ina dawa: huja mwingine akapima upya, neno likasahihishwa, na nguzo ziko pale pale kama zilivyokuwa. Wapitao njia pia wana desturi ya kuweka vijiwe juu ya nguzo za Kalokol. Hiyo nayo ni nyongeza, ila kila mtu aona ni vijiwe, na mkono mmoja waweza kuviondoa. Lakini tufikiri: kama mwaka 1978 mtu mwenye bidii angalichukua kamba na saruji, akazinyosha nguzo zilizoinama ili zielekee nyota zile vema zaidi, Soper angalipima nini mwaka 1982? Angalipima kazi ya yule mwenye saruji, naye angalidhani anapima kazi ya watu wa kale. Shahidi angalikuwa amefundishwa la kusema kabla ya kufika barazani.

MEZA YA STENNESS

Jambo hilo tulilolifikiri tu kwa Kalokol, mahali pengine lilitendeka kweli. Katika visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland, kuna duara la mawe marefu liitwalo Stenness. Lilijengwa miaka 3,000 hivi kabla ya Kristu. Mengi ya mawe yake yalivunjwa au kuanguka, na katikati lilikuwapo bamba kubwa la jiwe lililolala chini. Mwaka 1814 alifika huko Walter Scott, mtungaji mashuhuri wa hadithi. Alipoliona bamba lile, akawaza kwamba lilikuwa meza ya kuchinjia watu sadaka. Lilikuwa wazo la mtunga hadithi, wala hapakuwa na ushahidi.

Mwaka 1906 serikali ilichukua ulinzi wa mahali pale. Mafundi wakaanza kutengeneza. Walisimamisha jiwe lililoanguka; kisha, kwa kulifuata wazo la meza, walisimamisha mawe mengine katikati na kulilaza bamba juu yake. Mwaka 1907 meza ikawa tayari. Toka siku ile kila mgeni aliyefika aliiona "madhabahu" kwa macho yake, akapiga picha, akaenda kwao kusimulia habari za damu ya wanadamu. Atabishaje? Jiwe lilikuwa mbele yake, zito, la kale, limeota kuvu. Kila jiwe la meza ile lilikuwa la kale kweli kweli, lakini meza yenyewe ilikuwa ya juzi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilifika miaka 65. Mwaka 1972 meza iliangushwa, wala haikurudishwa tena. Mwaka 1973 na 1974 wachimbaji walichunguza katikati ya duara. Waliona nini? Waliona mawe yaliyopangwa kwa pembe nne, na makaa, na mifupa iliyochomwa moto. Umbo lake lafanana na majiko ya nyumba za watu wa wakati ule, ambao kijiji chao kilikuwa jirani tu. Mahali ambapo watu wa baadaye waliweka meza ya kuchinjia watu, wenyewe waliweka kitu mfano wa jiko la nyumbani. Miaka 65 wafu wale walisingiziwa uuaji mbele ya umati wa wageni, wala hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Hapo ndipo tunapoona ubaya wa nyongeza isiyo ya kweli. Haiharibu mawe tu. Huharibu jina la watu. Tunachunga sana kusengenya jirani aliye hai, kwa kuwa aweza kusikia na kujitetea. Yule wa miaka 5,000 iliyopita hawezi. Kwa sababu hiyo anastahili kuchungwa zaidi.

WALIOFANYA VEMA

Mtu aweza kuuliza: Je, tuache kila kitu kianguke? Tusinyoshe hata jiwe moja? Hatusemi hivyo. Wako waliotengeneza kwa uaminifu, na kazi yao yatupa kipimo.

Huko Carnac, katika nchi ya Ufaransa, kuna mistari mirefu ya mawe yaliyosimama, karibu 3,000. Mengi yalikuwa yameanguka. Zacharie Le Rouzic, mzaliwa wa Carnac, aliyasimamisha mengi ya hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini katika mawe aliyoyasimamisha alitia alama ndogo ya saruji nyekundu karibu na ardhi. Anayepita haraka haioni; anayetaka kujua, ainama na kuiona. Alama ile yamwambia: Hapa mkono wa leo umeshika. Ni kitu kidogo kabisa, lakini kwa sisi ni kazi ya mtu mwenye adili.

Huko Avebury, katika Uingereza, mawe mengi yalikuwa yamefukiwa, na mengine yamepasuliwa kwa moto na kujengewa nyumba. Katika miaka ya 1930 Alexander Keiller aliyafukua yale yaliyofukiwa, akayasimamisha katika mashimo yake yenyewe. Palipokuwa na shimo bila jiwe hakutafuta jiwe jingine la kufanana. Aliweka nguzo ndogo ya saruji. Si nzuri kwa macho, lakini haimdanganyi mtu. Yasema tu: Hapa palikuwa na jiwe, nalo limepotea.

Stonehenge nayo, ambayo sifa zake zimeenea duniani kote, ilitengenezwa mara nyingi katika karne ya 20. Mwaka 1797 mawe matatu makubwa yalianguka pamoja, mawili ya kusimama na moja la juu. Yalisimamishwa tena mwaka 1958. Hatuna ugomvi na kazi hiyo, kwa kuwa mahali pake palijulikana, na michoro ya kabla ya kuanguka ilikuwapo. Ila saruji iliyomiminwa chini haionekani, na wageni wengi hurudi kwao wakidhani kila jiwe wanaloliona halijaguswa toka zamani. Kazi ni ya kweli. Maelezo tu ndiyo yaliyopungua.

Tena kuna kaburi kubwa la Newgrange, katika Irlandi, lililojengwa miaka 3,200 hivi kabla ya Kristu. Profesa Michael O'Kelly alilichimba toka mwaka 1962 mpaka 1975. Mbele ya mlango aliona mawe meupe mengi sana yamelala chini. Aliamini kwamba yalikuwa ukuta ulioanguka, na ukuta ukajengwa tena, mrefu, mweupe, na nyuma yake saruji yenye vyuma. Wataalamu wengine wasema mawe yale hayakuwa ukuta kamwe, yalitandazwa chini mbele ya mlango kama sakafu. O'Kelly hakuwa mtunga hadithi; alikuwa na sababu zake, naye alizieleza wazi. Lakini ubishi ungali uko, na ukuta umekwisha kujengwa kwa saruji. Wenye maoni ya sakafu hawana mahali pa kuyaonyesha. Twaona kwamba hata mwenye elimu na moyo safi asifunge kwa saruji swali ambalo bado liko wazi.

Basi kipimo chetu ni hiki. Kwanza, anayeongeza awe na ushahidi wa mahali pale pale, si wazo lililomjia njiani. Pili, aionyeshe kazi yake, ili mtu ye yote aweze kupambanua jipya na la kale. Tatu, aiweke kwa namna ambayo wengine wakija na ujuzi zaidi waweza kuiondoa bila kuharibu. Carnac na Avebury zapita kipimo. Stonehenge yapungukiwa katika la pili, na Newgrange katika la tatu. Meza ya Stenness haikupata hata moja.

JE, MSALABA JUU YA JIWE?

Hapa msomaji Mkatoliki aweza kutushika. Atasema: Na Kanisa je? Si liliongeza misalaba juu ya mawe ya wapagani? Ni kweli. Katika Bretagne, nchi ile ile yenye Carnac, kuna jiwe refu la Saint-Uzec, ambalo katika karne ya 17 lilitiwa msalaba juu yake na kuchongwa alama za mateso ya Bwana wetu. Na zamani zaidi, mwaka 601, Papa Gregori Mkuu aliwapelekea wamisionari wa Uingereza shauri kwamba wasibomoe nyumba za ibada za wapagani, ila waondoe sanamu na kuzifanya nyumba za Mungu.

Sisi twaona tofauti kubwa kati ya msalaba wa Saint-Uzec na meza ya Stenness. Aliyechonga msalaba hakusema kwamba watu wa kale ndio waliouchonga. Alisema wazi: Ninyi mliliweka jiwe hili, nasi sasa tunaweka alama ya imani yetu. Nyongeza yake ina jina na wakati wake. Mtu aweza kusikitika kwamba jiwe la kale limechongwa, na masikitiko hayo si bure, kwa kuwa kilichochongwa hakirudi. Leo hatungeshauri mtu kufanya vile. Lakini hakuna aliyedanganywa.

Wengine watatukumbusha ndugu zetu Wagenia. Miti yao mikubwa ya uvuvi, inayosimama katika maji makali ya mto wetu hapa Kisangani, si ile iliyosimamishwa na babu zao. Maji huivunja, nao huweka mingine. Je, ni nyongeza ya uongo? Hata kidogo. Mgenia alijifunza kwa baba yake namna ya kuufunga mti, na baba yake kwa babu yake. Mnyororo haukukatika. Mtoto akiuliza, baba yupo wa kujibu, kama katika habari ya Yoshua. Mwenye mali akitengeneza mali yake, si mwongo. Mafundi wa Stenness hawakuwa na baba wa kuwaambia. Walijibu swali ambalo hawakurithi jibu lake.

HABARI HII YATUHUSU NINI LUBUNGA?

Msomaji wa hapa Lubunga aweza kusema: Hayo ni mambo ya mbali. Huku kwetu kuna mto, na msitu, na njia ya reli iendayo Ubundu. Mambo ya mawe ya wazungu yana faida gani kwetu?

Yana faida, na tena tumelipa gharama kubwa ya kujifunza. Mwaka 2023 hapa kwetu Wambole na Walengola, watu waliokaa jirani, waligombana kwa ajili ya ardhi. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walikimbia na watoto wao. Hatusemi kwamba ugomvi ule ulitokana na jiwe au kaburi. Twasema hivi: panapokuwa na ugomvi wa ardhi, kila mtu huanza kutafuta dalili za wazee wake. Hapa alizikwa babu. Hapa palikuwa kijiji chetu cha zamani, tazama miti ya michikichi. Dalili hizo zikiwa za kweli, wazee wakizikalia pamoja zaweza kuleta amani. Lakini mtu mmoja akienda usiku kupanga mawe na kuyaita kaburi la babu, hapo mawe yamekuwa silaha. Na akigunduliwa, ataharibu hata haki ya ndugu zake waliokuwa na kaburi la kweli, maana nani atawaamini tena?

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu mambo machache yasiyohitaji fedha. Tukitengeneza kaburi la mzee, tuandike mwaka aliokufa, na chini yake mwaka tulipotengeneza. Tukiweka msalaba mpya wa saruji mahali pa ule wa mti uliooza, tusiupake rangi ya uzee. Tukisimamisha jiwe la ukumbusho mahali pa kanisa la kwanza la kijiji, tuwaulize kwanza wazee wawili watatu, kila mmoja peke yake, ndipo tuone kama maneno yao yapatana. Yasipopatana, tuandike katika daftari la parokia kwamba hayapatani, tusichague lile litupendezalo. Na wazee wangali hai, tuwaulize sasa. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa atuachia jiwe bila baba.

Watu wa Lothagam hawakujua kuandika hata herufi moja. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuyapanga upya makaburi yao, miaka 5,000 baadaye tumepata kujua kwamba waliwazika wakubwa na wadogo pamoja, na kila mmoja na shanga zake. Nasi tuwaachie watakaokuja mambo yetu kama yalivyo, yaliyonyoka na yaliyoinama, na palipopotea jiwe tuweke alama ya kwamba limepotea.